Riviu: kiangazi kizima kama hosti wa kambi ya ziwani, milimani Colorado

Nyota naziweka juu kabisa ili msihangaike kushuka chini kuzitafuta: tatu na nusu kati ya tano. Ziwa lingekuwa peke yake lingepata tano. Wageni nne. Vyoo, amini usiamini, nne. Kampuni iliyotuajiri mbili, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya dada mmoja wa ofisini ambaye alikuwa akipokea simu anakujibu kama binadamu. Hesabu ikipigwa sijui inakuja ngapi, tatu na nusu ndo ninayoisikia moyoni.

Kwa ambao hamjui hii kitu inaendaje. Marekani misitu ya taifa iko chini ya Forest Service, idara ya serikali iliyoanzishwa 1905, na ndani ya hiyo misitu kuna kambi kibao za kulipia, yaani saiti zenye namba, kila moja na meza yake, duara la chuma la kuwashia moto, na vyoo vya pamoja. Sasa kwenye kambi nyingi wanamweka mtu anaitwa hosti, anakaa hapo msimu mzima, kwa milimani ni kuanzia karibu na Memorial Day mwisho wa Mei mpaka Labor Day mwanzo wa Septemba, anapokea wageni, anasafisha, anajibu maswali, na yeye anapewa saiti ya kukaa bila kulipa. Njia ziko mbili. Unaweza kujitolea, kuna sheria ya 1972 inayoruhusu Forest Service kutumia watu wa kujitolea, hapo unapata saiti na pengine hela kidogo ya kujikimu. Au unaajiriwa na kampuni binafsi yenye kibali cha kuendesha kambi, hapo unalipwa kwa saa. Mimi na mume wangu tulipita njia ya pili. Kampuni siitaji jina na ziwa pia silitaji, ni mojawapo ya yale ya juu juu kule, futi kama 9,300 hivi, mwendo wa masaa kadhaa kutoka Denver ukibahatika barabara ya I-70 haijafunga.

Tangazo la kazi lilikuwa na picha ya viti viwili vimeelekea ziwani, jua linachomoza. Jamani. Saiti ya hosti haiko ziwani. Iko getini, kwa sababu mgeni akiingia lazima akuone, kwa hiyo kila gari linaloingia na kutoka linakupitishia vumbi mlangoni, na mbele yako kuna kibao kikubwa kimeandikwa HOST kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa barabara kuu. Kile kibao ndicho kazi yenyewe. Mkataba unasema saa kadhaa kwa wiki, kibao hakina saa. Mtu akiishiwa tishu chooni saa 9 usiku hatafuti mkataba wako, anatafuta kibao. Kwa hiyo nikisema saiti ni bure mnielewe vizuri, huilipii kwa pesa, unailipia kwa usiku wako.

Tuanze na vyoo maana ndo kila mtu anauliza, na ndo kipande kikubwa cha siku. Vyoo vya kambi hizi havina maji, ni tangi kubwa limezikwa chini na kibanda cha zege juu yake, na mkifikiria mtasema hapo harufu itakuwa ya kuua mtu. Hapana. Nyuma ya kibanda kuna bomba nene jeusi limesimama kupita paa, na kibanda kinatakiwa kijengwe bomba likae upande wa jua. Jua likilipiga hewa ya ndani ya bomba inapata moto inapanda, inavuta hewa ya kwenye tangi, na hewa safi inaingia kwa matundu ya ukutani ikishukia pale pale unapokaa. Harufu inatoka juu, wewe uko salama. Hao Forest Service walikaa chini wakachora mchoro wa hiki choo kwa makusudi kabisa, na nawaambia aliyefanya hiyo kazi anastahili sanamu. Siku ya jua kali unaingia husikii kitu. Siku ya mawingu na upepo wa kuzunguka, hapo ndo unakumbuka kuwa uko msituni.

Kinachoua choo ni watu. Nimeona kopo la bia, nepi, maganda ya tikiti, mfuko mzima wa takataka umefungwa vizuri kabisa fundo juu, mtu kajisumbua kufunga halafu akatupa shimoni wakati pipa liko hatua ishirini. Shida yake ni kwamba lile tangi linanyonywa na lori lenye bomba, na bomba likikutana na nepi linaziba, na jamaa wa lori inabidi achukue fimbo ndefu yenye ndoano aanze kuvua. Nilisimama naye siku moja anavua. Alikuwa anazungumzia mechi ya mpira wa kikapu muda wote, hata uso haukunji. Kwa upande wetu kila asubuhi ilikuwa fagio, ndoo, dawa ya kuua vijidudu, kufuta kiti, kufuta mpini wa mlango, kuweka tishu, halafu kufagia ule unga wa msonobari wa njano unaoingia kila sehemu mwezi wa sita. Ukimaliza choo cha mwisho, cha kwanza kimeshachafuka. Nimekipa nyota nne kwa sababu ni kazi yenye mwanzo na mwisho, hakuna anayebishana na wewe kuhusu fagio.

Kubishana kuko kwenye moto. Hapa naomba mnivumilie nitakaa kidogo.

Mgeni wa mjini akija milimani anataka moto, kalipia saiti yenye duara la moto, kanunua kuni, watoto wana vijiti. Halafu unamfuata unamwambia leo hakuna moto. Uso wake sasa. Kuna ngazi za marufuku, na hizo hatupangi sisi hosti, zinapangwa na msitu au kaunti kutokana na ukavu. Ngazi ya kwanza moto unaruhusiwa ndani ya yale maduara ya chuma ya kambini tu, ukiwa nje ya kambi huwashi. Ngazi ya pili hakuna moto wa kuni popote, wala wa mkaa, unabaki na jiko la gesi lenye swichi ya kuzima. Tuliingia ngazi ya kwanza, tukapanda ya pili, mvua ikanyesha tukashushwa, na kila mabadiliko yalikuwa yanatufikia sisi kwanza kwa karatasi ya kubandika na baada ya hapo kwa midomo ya watu waliokasirika. Baba mmoja aliniambia, "Lakini mama, mimi nawasha moto tangu wewe hujazaliwa." Nikamwambia, "Ndiyo mzee, ila msitu ulikuwa haujakauka hivi." Akacheka, akarudisha kuni kwenye gari. Siyo wote wanacheka.

Na siyo kwamba watu wa msitu wanajitia wakali. Mwaka 2020 Colorado iliungua vibaya, moto wa Cameron Peak ulipita ekari 208,000, mkubwa kuliko wowote uliorekodiwa jimboni, na Oktoba ya mwaka huo huo moto wa East Troublesome ukashuka upande wa mji wa Grand Lake kwa kasi ambayo watu walitoka na nguo za mwilini. Ongeza wadudu wa magome, ambao tangu miaka ya 1990 wameua misonobari kwenye mamilioni ya ekari kule. Kwenye kambi yetu wamekata miti mingi iliyokufa ili isiwaangukie watu kwenye hema, kwa hiyo kivuli ni kidogo, na wageni wanaokuja na picha za zamani mkononi wanauliza miti iko wapi, kana kwamba sisi ndo tumeiuza.

Asubuhi nilikuwa natembea na sepeto na ndoo saiti kwa saiti wageni wakishaondoka, nakagua maduara ya moto. Juu majivu meupe, mazuri, yametulia. Unaweka nyuma ya kiganja karibu, unasikia joto linakupanda kwenye mifupa. Mtu kaondoka zamani kaacha makaa mekundu chini ya majivu na kambi inaanza kupata upepo. Unamwaga maji, yanachemka, unakoroga tope mpaka chini kwenye udongo, unamwaga tena, unagusa tena. Ndoo nzima inaenda kwenye duara moja, na maji yenyewe unayabeba kutoka bombani. Kama kuna kitu kimoja wageni wangejifunza kabla hawajaja ni hicho: uache sehemu unayoweza kuitia mkono.

Dubu sasa, maana mnaisubiri. Colorado kuna dubu weusi tu, wale wakubwa wa grizzly wa mwisho anayejulikana aliuawa 1979. Na dubu mweusi siyo lazima awe mweusi, wetu alikuwa rangi ya mdalasini, jambo lililosababisha kila aliyemuona kuja mbio kuniambia ameona grizzly. Nikachoka kueleza, mwisho nikawa nasema asante kwa taarifa. Kuelekea mwisho wa kiangazi dubu anakula kujiandaa na usingizi wa baridi, anaweza kutafuta mpaka kalori 20,000 kwa siku, na pua yake inamwambia kila kitu kilichomo kwenye gari lako. Kila saiti yetu ilikuwa na sanduku la chuma la kuwekea chakula, na mpini wake umefichwa ndani ya kimfuko ambacho mkono wa mtu unaingia, unafinya juu, kifungo kinaachia. Kiganja cha dubu hakiingii. Tatizo ni kwamba hata kiganja cha baadhi ya wageni hakiingii, au wanaona uvivu, wanafunga mlango nusu. Na watu wanadhani chakula ni chakula. Dawa ya meno ni chakula. Losheni yenye harufu ni chakula. Chakula cha mbwa ni chakula na nusu. Nilikuwa napita jioni nasema hayo hayo saiti baada ya saiti mpaka mume wangu akaanza kuyasema usingizini. Ninachokasirikia ni kwamba dubu akishazoea cha watu, mara nyingi mwisho wake ni kuuawa, na aliyeacha kuku mezani keshafika kwake zamani yuko kazini.

Ila mnyama aliyenitisha mimi siyo dubu, ni musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote, mrefu kuliko farasi, pembe pana bapa. Jimbo liliwaleta upande wa North Park mwaka 1978 na wameshika, wanapenda vinamasi na mierebi kando ya maziwa kama letu. Watu wanamuona mpole anakula majani majini wanasogea na simu. Na mbwa ndo balaa, musi akimuona mbwa anaona mbwa mwitu, anakuja kumkanyaga, na mbwa akiogopa anakimbilia kwa nani? Kwa mwenye kamba. Kama kuna sheria moja ya kambi niliyoisimamia bila tabasamu ni mbwa kufungwa kamba.

Wageni wenyewe nimewapa nne na sijawabania. Wengi ni watu wazuri sana. Wanaletea mabaki ya keki, wanaokota taka zisizo zao, watoto wanakuja kuuliza kama wanaweza kusaidia kubandika karatasi. Kuna wastaafu wanaozunguka nchi nzima na magari-nyumba yao, hao wanajua kambi kuliko sisi, wanarudisha trela nyuma kwenye saiti nyembamba kwa mkono mmoja huku wanakusalimia. Wana ile kadi ya wazee, kuanzia miaka 62, kwenye kambi nyingi za serikali inawapa nusu ya bei ya saiti, na ole wako uisahau kwenye risiti.

Shida ni Ijumaa. Buking inafanyika mtandaoni, kambi nyingi zinafunguliwa miezi sita kabla, na wikiendi za kiangazi zinaisha chap. Halafu anakuja mtu hana buking, ana watoto wamelala nyuma, saa 3 usiku, na anaona kwa macho yake saiti mbili ziko tupu. Tupu, lakini za watu. Utaratibu ni kwamba aliyelipa asipotokea, saiti yake inashikiliwa mpaka muda wa kutoka kesho yake, kwa hiyo siwezi kuigawa hata kama naona hatokei. Hapo utaitwa majina. Nilichokuwa nafanya, na hiki ndo kitu kimoja ninachojisifia, nilikuwa na karatasi nimechora kwa mkono barabara za msitu zilizo karibu ambazo zinaruhusu kulala gari pembeni, na kambi za jirani zisizochukua buking, wa kwanza kufika ndo wa kwanza kupata. Namsikiliza amalize hasira, nampa karatasi. Wengine walirudi kesho yake kuniambia waliona nyota vizuri kuliko ambavyo wangeona kwetu.

Muda wa ukimya ni saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Jenereta, muziki, mazungumzo ya kikundi kilichofika na spika. Mimi nilikuwa naenda na tochi ya kichwani nimeweka taa nyekundu ili nisiwapige watu macho, nasalimia kwanza, nauliza wametoka wapi, halafu ndo naomba. Mume wangu anaingia moja kwa moja na kanuni. Njia yangu inachukua muda mrefu ila hairudiwi, yake fupi lakini nusu saa baadaye muziki umerudi. Tumelijadili hili sana na bado anabisha. Ikizidi, unaita renja au polisi wa kaunti, hosti hana mamlaka ya kumkamata mtu wala kumtoza faini, na mtandao wa simu kwetu ulikuwa hakuna kabisa, tulikuwa na redio ambayo ukiisogeza hatua mbili kutoka mlangoni inakata. Msiende bila kuuliza swali la mawasiliano. Nasema tena, msiende.

Na ziwa? Ziwa nililiona kwa vipande. Katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, vyoo vikiisha mapema, unaweza kusukuma kayaki saa 2 asubuhi maji yakiwa kama kioo na ukakaa hapo bila mtu kukuuliza kuni zinauzwa wapi. Maji ni theluji iliyoyeyuka, baridi yake siyo ya mzaha hata mwezi wa nane. Mtu akidondoka ghafla anapigwa na mshtuko anavuta pumzi bila kutaka, na hiyo pumzi ikivutwa uso uko majini imekwisha, ndo maana laifjaketi inavaliwa, haiwekwi kwenye kiti kama mto. Sheria ya jimbo kwa watoto chini ya miaka 13 ni lazima wavae wakiwa kwenye chombo, wakubwa inatosha iwepo, na wakubwa ndo wanaojifanya hawaihitaji.

Halafu radi. Mwezi wa saba na wa nane kule mchana ni kama ratiba. Asubuhi hakuna wingu, saa 5 yanaanza kujikusanya meupe juu ya vilele, saa 7 au 8 mbingu inafunguka, mvua ya mawe, ngurumo zinagonga ukuta huu wa mlima zinaenda kugonga ule. Tulikuwa tunawaambia watu watoke majini kabla ya mchana na wakisikia ngurumo wahesabu nusu saa tangu ya mwisho ndo warudi. Upepo unaokuja mbele ya mvua ndo unawapata wale wa mbao za kusimama na kasia, unawasukuma mpaka ng'ambo, halafu wanatembea kwa miguu kuzunguka ziwa zima na ubao kichwani. Siku kama hizo nilikuwa nachemsha chai maana najua watapita getini.

Chai yenyewe kule ni stori. Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi karibu 90 tu, kwa hiyo yanatokota kwa fujo lakini moto hayana. Maharage makavu tuliacha kabisa bila sufuria ya presha, gesi inaisha maharage yanakuangalia. Na siku za kwanza utahema kwenda chooni na kurudi, kichwa kinauma, usingizi wa mang'amung'amu. Kunywa maji, usijitie shujaa, mwili unazoea. Mwezi wa sita kuna mbu wa ajabu sababu ya maji ya theluji kila kidimbwi, mwezi wa saba wanapungua, mwisho wa mwezi wa nane asubuhi unakuta barafu nyembamba kwenye ndoo. Majira yote manne ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo mzigo wa nguo ni mkubwa kuliko utakavyopanga.

Vifaa niviseme haraka. Koleo refu la kuokotea taka, nunua lako mwenyewe zuri, la kampuni lilikuwa limelegea linaokota pale linapotaka. Glavu za mpira nene na zile nyembamba, zote mbili. Viatu visivyoingiza maji ni bora kuliko vizito. Kitanda cha kukunja badala ya godoro la upepo, maana la upepo kwenye baridi linanywea usiku. Paneli ya sola ilitutosha kwa taa na simu, siyo kwa hita, hita ilikuwa ya gesi na kigunduzi cha hewa ya sumu hicho usikisahau, ukilala na gesi ndani ya chumba kidogo bila hicho unacheza na roho.

Sasa kampuni. Mkataba wetu uliandika saa za wiki, na hizo saa zililipwa, sina la kusema hapo, ingawa mara ya kwanza hela ilichelewa na tukaambiwa ni mfumo. Tatizo ni zile nyingine. Tukiuliza kuhusu usiku jibu ni kwamba baada ya saa za kazi sisi ni wakazi tu, tupumzike. Tukiuliza kama tunaweza kugeuza kibao au kufunika basi, jibu ni hapana, mgeni lazima ajue pa kwenda. Hapo sasa. Siwezi kuwa nimepumzika na niko wazi kwa wakati mmoja. Wenzetu wa kambi ya ng'ambo, wa kujitolea chini ya msitu moja kwa moja, walikuwa na siku mbili za wiki zinazoandikwa kabisa kwenye kibao kwamba hosti hayupo, na walikuwa wanaondoka kweli, wanaenda mjini kufua na kula. Wao hawalipwi mshahara, na bado mimi niliwaonea wivu.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, uliza siku za mapumziko zinaandikwa wapi na nani anashika kambi ukiwa haupo. Uliza saiti ya hosti iko wapi na uombe picha ya leo, siyo ya brosha. Maji taka ya gari-nyumba lako yanaenda wapi, maana kwetu ilibidi kuendesha kushusha mbali. Tishu na dawa zikiisha zinaletwa baada ya muda gani, usicheke, kuna wiki nilinunua tishu kwa hela yangu na risiti yake nadhani bado iko kwenye droo ya mtu. Pesa za wageni wanaolipa taslimu unazishika wewe au zinaingia kwenye kisanduku cha chuma? Omba kisanduku.

Ninampendekezea nani? Wenzi wanaoweza kukaa kwenye nafasi ndogo bila kuuana, mtu anayependa watu lakini asiyehitaji kupendwa na kila mtu, mtu asiyeona aibu na fagio. Kama unatafuta kimya cha kuandika kitabu au kupumzisha moyo, lipia saiti kama mgeni, kaa wiki mbili, kwenye misitu mingi ndo kikomo chenyewe siku 14, na mwache hosti ahangaike.

Sisi tumeshaomba ya mwakani. Safari hii kwa msitu moja kwa moja, kujitolea, kambi ndogo zaidi, ziwa dogo zaidi, na kwenye fomu pale pa maelezo ya ziada mume wangu kaandika kwa herufi kubwa siku anazotaka kibao kisomeke HAYUPO. Maombi yanaanza kuangaliwa wakati wa baridi, tukijibiwa nitawaambia.